Kibao cha Taa cha Bibi Odilia

Dafroza, nimetoka kwa bibi Odilia kule Mwika sasa hivi na bado siamini. Yule bibi mpole unayemjua wewe alishawahi kuigomea ofisi nzima.

Mwaka 1969 alikuwa na cherehani yake Moshi mjini. Jirani yake Amarjit, fundi umeme, akamtengenezea na kumfungia ukutani kibao kidogo cha taa: ODILIA FUNDI NGUO.

Siku ya tatu akaja karani wa leseni. "Mama, sheria inakataza kufunga kibao cha taa ukutani bila kibali." Bibi akaomba kibali. Akaambiwa hicho ni cha wenye maduka, si cha mwanamke wa cherehani. Alimwambia hivyo mbele ya wateja, Dafroza. Mwanamke wa cherehani.

Bibi akasema, "Nisomee hiyo sheria tena." Akasomewa. Ukutani.

Basi akakishusha, akakivaa shingoni na waya wake wa umeme, akakaa mlangoni anashona, taa zinawaka mchana kweupe. Siku nne! Watu wakajaa, wengine wakaenda ofisini kumuuliza karani kulikoni.

Siku ya tano karani akaleta kibali mwenyewe. Bibi hakuinua hata macho. "Kiweke mezani, nina mteja."