Glasi ya Wageni

S.L.P. 31,
Demnate,
Moroko.

10 Aprili 2019

Mpendwa Mama Mdogo Rqia,

Tangu Jumapili kuna mlio mmoja hauniondoki masikioni: fsss, mfupi, kama mtu aliyesonya nyuma ya mlango. Nitakueleza, ila kwanza nikujulie hali. Kifua chako kimepata nafuu? Baridi ya Liège imelegea? Sisi tu wazima, isipokuwa jicho la Mama. Ukungu umezidi, na daktari wa macho amempangia leo mchana.

Kaka Hammou ndiye alikuwa ampeleke mjini, kwa pikipiki ya marehemu Baba, kwenye ule mteremko wa kona unaoujua.

Shokapu za mbele zilikuwa zinavuja, kwa hiyo kaka yangu alizifungua mwenyewe uani abadilishe sili, ile mipira inayozuia oili isitoke. Alifanya vizuri. Alizing'oa sili kuukuu bila kukwaruza bomba, akazipachika mpya taratibu, nami nikajivunia. Oili aliipima kama Baba: glasi mbili za chai kila mguu wa shokapu. Alipomaliza mguu wa kushoto, Mama akatokea.

"Hammou, hiyo ni glasi yangu ya asubuhi. Unataka ninywe chai au nilainishwe magoti?"

Akampokonya. Mama alipoingia ndani, Hammou akachukua nyingine kwenye sinia, ile ya wageni yenye maua, akajaza mguu wa kulia.

Niliikuta jioni kwenye jiwe la kuoshea, inanuka oili. Niliijaza maji nikayamimina kwenye ya Mama. Yakafurika. Nikamwambia Hammou.

"Mwalimu," akacheka, "pikipiki haisahihishwi kwa kalamu nyekundu."

Ili kunionyesha, aliipanda, akashika breki, akaulalia usukani kwa uzito wake wote. Mguu wa kushoto ulizama. Wa kulia ulifika nusu, ukagoma, ukatoa ule mlio.

"Umesikia?"

"Mpira mpya huo. Bado haujazoea."

Kesho yake niliona oili imezunguka bomba la kulia, inateremka kuelekea kwenye diski ya breki. Hammou aliifuta kwa mkono wa shati kabla Mama hajatoka. Kule kufuta kuliniogopesha kuliko oili yenyewe.

Jana alipokwenda sokoni niliitegemeza pikipiki, nikafungua vifuniko, nikatoa springi, nikaizamisha miguu yote hadi chini na kupima kwa rula kutoka mdomoni mwa kila mguu hadi kwenye oili. Ya kulia ilikuwa juu mno. Niliivuta kwa bomba la sindano la kunyweshea kondoo dawa mpaka zikalingana, nikarudisha kila kitu. Nilifurahi kama mjinga. Leo alfajiri oili ilikuwa palepale kwenye bomba. Oili iliyozidi iliisukuma sili siku ile, na mdomo wake umekwisha kugeuka. Hata kipimo kikiwa sawa haiwezi tena kuzuia kitu, na nyingine inapatikana mjini tu.

"Nikishamfikisha Mama nitainunua hukohuko," alisema.

Nilimwuliza breki ikiteleza kwenye kona ya pili Mama atashika nini. Alinijibu kwamba Baba hakuwahi kuanguka. Najua anataka Mama akae nyuma yake kama alivyokaa nyuma ya Baba.

Nisalimie Baba Mdogo Ouchen na binti yenu Tilila. Bibi Mamass anakuombea kila akitandika mkeka wake.

Hammou atakupigia simu, kwani anakusikiliza wewe tu, kwa hiyo ni bora uyajue kutoka kwangu. Alfajiri hiyohiyo nimemwomba jirani yetu Bassou ampe Mama kiti cha mbele kwenye gari lake la vitunguu, na wamekwisha teremka. Kisha nimelichomoa gurudumu la mbele la pikipiki. Gurudumu nimeliacha limeegemea ukuta. Ekseli yake, chuma kinacholishika, iko mkobani mwangu, hapa darasani, chini ya madaftari ya watoto, na haitoki mpaka sili ije.

Mungu akutunze na akurudishe kwetu salama.

Mwanao akupendaye,
Itto