Poti ya Kuvuta na Kuku wa Kukhu

Jumatatu, 12 Agosti 1996

Redio mbili, pasi moja, tochi ya mwalimu. Zote zimepona kabla ya chai. Sokoni Kakamega kuna mafundi, halafu kuna mimi. Shule niliachia kidato cha pili, lakini waya haziulizangi cheti.

Mchana amekuja Shemeji Musa, mume wa dada yangu Rose, na gitaa lake la stima. Jumamosi wanapiga harusi Shinyalu. Harusi iliyopita ngoma za isukuti zilimmeza. Watu waliona vidole vikicheza, sauti hakuna. Nimecheka mpaka akanuna. Kumbe si mchezo: akimezwa tena, bendi inamtoa.

Nimemwambia aniachie. Pikapu ya gitaa lake, ile sumaku chini ya nyuzi, ina koili mbili. Pamoja zinatoa sauti nene, ya kujificha ndani ya ngoma. Nikimwekea poti ya kuvuta, kile kidude cha kupandisha na kushusha sauti chenye swichi ndani, kwenye kifungo cha sauti, akivuta, koili moja inanyamaza. Iliyobaki inalia nyembamba, inapita juu ya ngoma kama filimbi ya refa. Akisukuma, unene unarudi.

"Umeshafanya hiyo?"

Nimemwambia, "Mara nyingi." Sijawahi.

Jumanne, 13 Agosti

Poti nimeitoa kwa redio kuukuu ya gari. Nimelehemu safi, hata mwenye kiwanda angenisalimia. Nimevuta. Sauti kama mtu anaimba ndani ya blanketi. Nimesukuma. Blanketi mbili.

Jumatano, 14 Agosti

Nimepima na mita. Kosa ni poti. Ukinzani wake ni mdogo, sauti yote inavuja kabla ya kufika kwa spika. Redio za gari ziko hivyo. Nilijua. Sawa, sikujua.

Inatakiwa ya redio kubwa ya valvu, zile za zamani. Soko zima hakuna. Shemeji amepita, nimefunika gitaa na gunia, nikamwambia linapumzika.

Naogopa. Nitamfukuzisha kazi mume wa dada yangu.

Alhamisi, 15 Agosti

Nimekumbuka redio kubwa ya valvu ya Kukhu, nyanya yangu. Haijaongea tangu nikiwa mdogo, lakini kifungo chake kilikuwa kinavutwa ndio iwake. Nimefika kijijini mbio. Ndani ya redio, kwa nyuma, kuku ameatamia. Nimeingiza mkono. Amenidonoa damu. Kukhu amecheka mpaka akakaa chini.

"Kukhu, mtoe kidogo tu."

"Mchana huu? Ataacha mayai yapoe. Kuku akiatamia hasumbuliwangi jua likiwa juu. Huko shule ulisoma nini, Shivachi?"

"Waya."

"Basi ngoja giza. Kula obusuma."

Nimekula ugali huo, sahani mbili. Jua lilipozama ametandika majani makavu kwa kikapu. Mayai kwanza, kuku baadaye, juu yake leso yake mwenyewe. Kuku hata hakulia. Kisha akanishikia koroboi nikikata waya. Hakuniuliza redio yake itapona lini.

Ijumaa, 16 Agosti

Nimelehemu. Nimevuta. Imelia nyembamba, kali, safi. Nimesukuma. Nene. Nimevuta na kusukuma mpaka jirani akatuma mtoto aniulize kama nina akili.

Jumamosi, 17 Agosti

Ngoma zilianza, Shemeji akaanza, akapotea. Halafu akakumbuka, akavuta. Gitaa likatokea juu ya isukuti kama jogoo juu ya paa. Akina mama wakapiga vigelegele. Mpiga ngoma mkubwa aligeuka kumtazama kama mtu aliyekanyagwa. Mkubwa wa bendi amemwambia Shemeji, "Wewe huendi popote." Rose amelia. Ameniletea paja zima la ingokho, kuku wa harusi, mbele ya wazee.

Foleni yote ya chakula sasa inajua jina la fundi. Mpishi pia.

Jumapili, 18 Agosti

Nimempelekea Kukhu sukari na nyama ya harusi. Nilikuwa nimejipanga kujisifu njia nzima. Nimekuta ameenda kanisani. Kuku yuko kwa kikapu, bado ameatamia, amenitazama vibaya.

Nyumba kimya. Shoka lilikuwa mlangoni, gogo kando yake. Nimempasulia kuni zote, nimezipanga ukutani mahali mvua haifiki. Nimeacha sukari na nyama mezani, nimeondoka kabla hajarudi.