Sekunde Arobaini na Moja

Jumatatu, 3 Machi 2025

Zahanati, mtaa wa Jericho, Nairobi. Foleni mpaka nje ya geti. Wagonjwa wanamnung'unikia Mama Andati, karani wa mapokezi — eti mkono mzito. Mimi niliyetengeneza mfumo wa kompyuta wa kadi za wagonjwa nimekaa pembeni na chai yangu. Nikasema labda ni network. Network gani? Kadi zote ziko kwenye kompyuta moja, chini ya meza yake. Lakini nani atajua.

Jumanne, 4 Machi

Nimepima nikiwa nyumbani, Donholm, kwa nakala ya kadi zao. Kutafuta kadi bila mfumo wangu: chini ya sekunde moja. Kupitia mfumo wangu: arobaini na moja. Nimerudia mara tatu.

Sababu naijua. Nilibuni lugha yangu mwenyewe ya programu, maneno yote ya Kiswahili — TAFUTA, KAMA, RUDIA. Mfasiri wake, programu ya kuisomea kompyuta lugha hiyo, nimemwandika kwa Python, lugha nyingine ya programu. Python nayo ina mfasiri wake. Halafu vyote nimevifungia ndani ya kompyuta-bandia, programu inayojifanya kompyuta, juu ya mashine kuukuu. Kila agizo linapita kwa wakalimani watatu kabla kazi haijaanza! Zahanati haikuomba lugha. Waliomba kadi zionekane haraka. Lugha niliitaka mimi, nipigiwe makofi kwenye mkutano wa madevelopa. Na nilipigiwa. Leo naona haya hata kuifungua laptop.

Jumatano, 5 Machi

Nilikwenda kusema ukweli. Niliapa kabisa. Nikamkuta Mama Andati, saa ya chakula, akigonga vidole kwenye kipande cha katoni. Amechora keyboard — herufi zote, hata spesi. Anafanya mazoezi.

"Usichoke na mimi, Mutunga mwanangu," akaniambia. "Mashine yako iko sawa. Ni hivi vidole, vimezoea kupiga deki. Nitashika tu."

Nikamwambia ajitahidi.

Ajitahidi! Mimi ni mtu wa aina gani?

Ijumaa, 7 Machi

Naandika kwenye benchi, nje ya ofisi ya Daktari Wathome, msimamizi. Anataka kumrudisha Mama Andati kwenye usafi, aajiri karani mwepesi. Ameniuliza, mama mwenyewe akisikia: shida ni mtu ama ni mashine? Nimeomba dakika tano nikaangalie. Niangalie nini? Dawa ni kuing'oa lugha yangu yote, kazi ya siku mbili. Halafu wote wajue kwa nini walikuwa wakipiga foleni.

Mlango uko wazi. Namsikia mama wa watu: "Msimsumbue huyo kijana, daktari. Ni mimi."

Karatasi zinapekuliwa. Dakika tano zimepita, na nyingine tano. Inuka, Mutunga. Maneno ni matatu tu: shida ni mimi.

Mama Andati ametoka. Ana barua ya kurudishwa usafi mkononi, anaulizia kalamu ya kutia sahihi. Nimemwambia angoje kidogo, bado naandika