Mwanga Uliochelewa Njia ya Kithyoko

S.L.P. 1174,
Machakos.
3 Oktoba 2025.

Mpendwa Mjomba Yahya,

Assalaam aleikum. Goti linaendeleaje? Mama ameniagiza nianze na hilo kabla ya jambo lingine lolote. Alipoona picha yako umesimama barazani bila mkongojo alishukuru Mungu, halafu papo hapo akauliza ni nani aliyekuruhusu kutoka nje na viatu vile vyepesi. Sisi hatujambo. Baridi imeisha, kikohozi cha Baba kimekwisha nayo, na nyumba imetulia.

Najua huwa tunaongea kwa simu, lakini kwa simu ukisikia mtu anaanza kukushukuru unageuza mazungumzo. Kwenye karatasi huwezi kunikatiza, kwa hivyo leo utanisikiliza hadi mwisho.

Unakumbuka mwezi wa nane nilivyokupigia nikiomba msaada? Wakati ule hukupata habari yote. Kampuni yetu ilikuwa imeongeza kasi ya intaneti ya faiba inayotoka hapa Machakos, ikipitia Kithimani hadi Kithyoko, mara nne ya ile ya zamani. Waliofurahi zaidi ni wa kituo cha afya cha Kithyoko. Sista Ndila, muuguzi anayepima akina mama wajawazito, sasa angeweza kumwonyesha daktari wa Machakos picha ya mtoto tumboni, wakaitazama pamoja huku wanaongea.

Furaha haikudumu. Asubuhi laini ilikuwa nzuri kabisa. Jua likipanda na upepo ukianza, inakatika, inarudi, inakatika tena. Siku moja Ndila alikuwa anampima mama anayeitwa Kasyoka, mimba ya miezi minane, naye alikuwa anatokwa na damu. Daktari akiwa ndio anatazama, picha ikaganda. Ndila hakungoja. Alimpakia kwenye ambulensi wakaja mbio hadi Machakos, na alhamdulillahi mtoto alizaliwa mzima na mama yake yuko salama.

Baadaye Ndila alinipigia. Hakunifokea, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

“Rehana, leo tumebahatika,” alisema. “Laini yenu ikifanya hivi tena, nitamwambia mama gani asubiri?”

Kesho yake mkubwa wetu Kaloki alimwita Masila ofisini nami nikiwa hapo. Masila ndiye anayeunganisha nyuzi za faiba, zile za kioo zinazobeba mawasiliano kwa mwanga, ncha kwa ncha, kazi ya macho na mkono uliotulia.

“Maungio yako yanatuaibisha,” Kaloki alimwambia. “Laini isipotengemaa mwezi huu, itabidi utafute kazi kwingine.”

“Nimeyapima yote, mkubwa. Mwanga unafika.”

“Kama unafika, mbona laini inakufa?”

Masila alinitazama mimi, mhandisi. Tulikuwa tumebadilisha mitambo ya ncha zote mbili, tumepima nguvu ya mwanga mara nyingi, na kila kipimo kilisema hakuna tatizo. Hapo ndipo nilipokutafuta wewe, uliyeifanya kazi hii miaka mingi, nikijua uko kitandani umetoka juzi kupasuliwa goti.

Hukuniambia umechoka. Ulinisikiliza, kisha ukauliza: “Mmepima mwanga unafika kiasi gani. Je, unafika pamoja?”

Ukanieleza taratibu kwamba mwanga ndani ya uzi wa kioo una mitetemo ya pande mbili, mmoja wa juu na chini, mwingine wa kushoto na kulia, na kwamba mwelekeo huo ndio polaraizesheni niliyoisoma chuoni nikaisahau baada ya mtihani. Uzi ukiwa mviringo kamili, pande zote mbili husafiri sawa. Ukiwa umebonyea, au umekazwa mahali, upande mmoja hutangulia na mwingine huchelewa. Kila alama ya mwanga inayotumwa hufika imetanuka hadi inagusana na inayoifuata, na mtambo wa kupokea hauwezi kuzitenganisha. Kasi ya zamani ilivumilia kwa sababu alama zilikuwa zimeachana. Na jua na upepo huuvuta waya na kubadilisha mwelekeo wa mwanga kila mara, ndiyo maana asubuhi tulidanganyika.

Mama alikuwa mezani anachambua mchele, simu iko kwa spika. “Ni kama watoto wa madrasa wakisoma pamoja, nusu wamebaki nyuma,” akasema. “Sauti unaisikia, lakini maneno huyashiki.” Ulicheka hadi ukalalamika goti.

Kaloki mwanzoni hakutaka kusikia. Wewe ndiye uliyemwomba dakika chache kwa simu, ukaongea naye kama mtu mnayefanya kazi pamoja, na akakubali mambo mawili: turudishe kasi ya zamani kwanza ili kituo cha afya kisikatikiwe, na tukodi kifaa cha kupima huko kuchelewa kwa mwanga kutoka Nairobi.

Tulipima kipande kwa kipande, mimi na Masila. Vipande vyote vilikuwa safi isipokuwa kimoja kilicho juu ya nguzo, karibu kufika Kithyoko. Kilikuwa waya wa mradi wa zamani uliounganishwa na wetu, uzi wake haukuwa mviringo vizuri, na vishikio vya nguzo viliubana vibaya. Maungio ya Masila hayakuwa na doa hata moja.

Tulipovuta waya mpya tulisubiri mchana wenye upepo mkali, tukapandisha kasi tena. Waya ulikuwa unayumba, vumbi linatupiga machoni. Nikampigia Ndila, akaanza kumpima mama mwingine.

“Picha imetulia,” alisema. “Rehana, daktari anauona moyo. Unadunda vizuri kabisa.”

Masila aliketi chini akajifunika uso kwa kofia. Kaloki alimwendea, akachuchumaa kando yake. “Nilikukosea,” akasema. “Nisamehe.” Nilisogea mbali kidogo, nami nikalia pia.

Idd iliyopita ulimwambia Mama kwamba maisha yako yote umewatengenezea watu wa nchi nyingine mawasiliano, na kwenu hukuacha kitu. Tafadhali usilirudie neno hilo. Masila bado ana kazi yake, na wanawe wawili wako shuleni. Akina mama wa Kithyoko wanapimwa hata upepo ukivuma. Hawakujui jina, lakini mimi nakujua, na ahsante, Mjomba. Ahsante sana.

Msalimie Anti Zamzam na Ramzi. Nyanya Syokau anakubusu mikono yote miwili, na Baba anasema chumba chako kimepakwa rangi. Mwenyezi Mungu akulipe kheri, akulaze bila maumivu na akuamshe na nguvu, akulete kwetu tukuone.

Ni mimi mpwa wako, nikupendaye na kujivunia kuwa wa damu yako,

Rehana