Chai Yangu Imeshinda Kesi

Alhamisi. Mvua imeanza kabla ya jogoo na haina dalili ya kuchoka. Ukungu umemeza migomba yote.

Wiki tatu sasa sijatia mdomoni kitu hata kimoja alichonikataza daktari. Mzee mwenye nidhamu kama yangu humpati Tukuyu nzima.

Uongo. Siku ya nne niliiba parachichi.

Yote yalianza na mabaka mekundu mgongoni. Nikawa najikuna kwenye nguzo kama ng'ombe. Daktari akasema kuna kemikali za asili, zimo humo humo kwenye vyakula na kwenye manukato ya sabuni, na mwili wangu haupatani nazo. Niache ndizi zilizoiva, parachichi, nyanya, chai na sabuni ya kunukia. Ngozi ikitulia, nirudishe kimoja kimoja, siku tatu tatu, hadi mchawi ajulikane.

Chai! Mimi niliyeichuma kwa mikono hii tangu ujana!

Sasa hilo parachichi. Mti ni wangu, haujawahi kupigwa dawa. Nikajiuliza, kemikali imepitia wapi? Nikala mawili nyuma ya banda la ng'ombe. Jioni nikarudi nguzoni.

Mke wangu akanikuta hapo. "Baba Tumaini, umekula nini?"

"Upepo."

"Upepo wa kijani? Futa ndevu."

Tukaanza kuhesabu upya. Wiki mbili za ndizi za kupika na maji ya moto. Jumatatu akanipa kikombe cha kwanza cha chai, akasimama mikono kiunoni kama anangoja nipasuke.

Niseme kweli, niliogopa. Mabaka nimeyazoea. Niliogopa asubuhi zisizo na chai, mimi na Mama Tumaini tukitazamana mikono mitupu.

Leo, siku tatu zimekwisha. Amenivua shati, amekagua mgongo kama anachambua maharage.

Hakuna baka hata moja.

Nimekunywa vikombe vitatu, nikaimba, akaniambia ninyamaze. Parachichi nimeshaliaga. Ndizi na nyanya zingoje zamu yao.

Gwe, wewe Ambakisye, jirani yangu, najua unasoma haya. Nilipokatazwa chai uliichukua chupa yangu ukisema marehemu haihitaji. Siku ulipoezeka bati nilikushikia ngazi tangu asubuhi, mvua ikininyeshea. Sasa unilipe fadhila hiyo: irudishe kesho asubuhi, ikiwa imejaa.