Kimulimuli wa Mchana Kweupe

Mdogo wangu Rozemie,

Viazi vimeota, goti linauma. Sasa kaa nikutambie kuhusu mwanangu Annelore!

Annelore na wenzake wa kujitolea wanasaka vimulimuli wa mchana, weusi, adimu, wasioruka. Jirani Gust alimcheka: "We binti, mchana kweupe huyo mdudu hiyo taa anamwashia nani?"

Jana, nyuma ya kanisa, Annelore kapiga magoti kwenye matofali, mara akapaza sauti: "Mama, huyu hapa! Gust, njoo, lete na miwani yako!" Akacheka hadi machozi. Wataalamu wamethibitisha: wa kwanza kuonekana wilayani!

Rozemie, tangu tumzike mumewe, Annelore hakuwa akitoka hata uani, mpaka msako huu ulipoanza. Leo nimeamka, viatu vyake havipo mlangoni.

Dada yako mwenye mtoto wa kujivunia,
Godelieve