Mti wa Mtoto Huko Nebraska

Mjukuu wangu Salma,

Hapa Kingsbury hatujambo, na goti la bibi yako limepoa. Umeniuliza kama umruhusu mama mkwe wako ampandie mwanao mtufaha shambani, kama ukoo wao ufanyavyo kwa kila mtoto. Unaogopa mtoto atakuwa wa kwao tu.

Nilipokuwa mwandishi kijana nilitumwa huko Nebraska, Marekani, kuandika habari za wakulima. Bi kizee mmoja alinionyesha miti waliyopandiwa watoto wa vizazi vinne vya ukoo wake, akauliza, "Wako uko wapi?"

"Pemba. Kitovu changu kimefukiwa chini ya mnazi."

"Nazi zake anakula nani?"

"Sijui," nikajibu nimenuna. "Sisi tulihama."

"Basi kuna mtu anashiba, na wewe umenuna!"

Tulicheka sana.

Mwache mama mkwe wako apande, mwanangu. Ila kitovu cha mtoto kifukie hapo chini ya mti wewe mwenyewe.

Babu yako